Si Mahari, Baba, ni Mahali

Kwa Shangazi, kambi ya polisi,
Kampala.
Ijumaa, baada ya sala.

Baba yangu,

Assalaam aleikum. Kabla hujaendelea, naomba ukae. Kama umesimama mlangoni na barua mkononi, ingia ndani, kaa kwenye kiti chako, mwite Mama asogee karibu, kisha msome pamoja. Sijaolewa. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie, na salamu nitazitoa vizuri sasa.

U hali gani, Baba? Lile goti linaendeleaje na baridi ya Nairobi? Kifua cha Mama kimepoa? Na Bibi, bado anasikia kwa sikio la kulia, au siku hizi anasikia anachotaka tu? Sisi huku ni wazima. Shangazi amenenepa kidogo, ingawa sukari tunaipata kwa foleni na sabuni kwa kujuana na mtu. Mumewe, ambaye sote tunamwita Afande hata akiwa amevaa kikoi, naye mzima, isipokuwa tangu jana amepungukiwa na usingizi kwa sababu yako. Mambo mengine ya hapa utayaelewa bila mimi kuyaandika. Barua hii nampa dereva wa basi la Nairobi, jirani yetu, na kama kuna mtu ataifungua njiani, naye namsalimu. Asome bila wasiwasi, humu mna habari za michezo na kosa la herufi moja.

Telegramu yako ilifika jana. MAHARI KAPOKEA NANI. BABA. Afande ndiye aliyekabidhiwa langoni, akaja nayo nyumbani ameishika kwa ncha za vidole. Akakaa kitandani, mtu mzima na buti zake, akaisoma mara ya pili.

"Shemeji anafikiri ni mimi nimekula," akasema. "Mimi sijaona ng'ombe, sijaona mbuzi, hata kuku. Zamu, andikia yeye leo leo."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakumbuka kwamba wewe ni kaka yake mkubwa na hasira zako anazijua tangu utotoni, akaacha kucheka.

Baba, mimi niliandika hivi: NIMEPATA MAHALI. NAKAA. ZAMU. Kumbuka Idi iliyopita nilipokuja nyumbani. Uliniita sebuleni, ukaniambia kwamba miaka mitano ya sarakasi inatosha, kwamba yupo kijana wa stesheni mwenye adabu na kazi yake, na kwamba hutanizuia bila sababu. Ukasema, "Ukipata mahali, kaa. Usipopata mpaka Ramadhani, rudi." Nililitumia neno lako lile lile ili ulitambue. Nilijiona mjanja sana.

Basi leo asubuhi nilikwenda kwenye ile posta ndogo ya huku kwetu, nimejaa maneno mdomoni. Karani ni Muganda, mtu mpole, na fomu yangu alikuwa nayo bado. Akaitoa, akanionyesha mwandiko wangu, na juu ya herufi L wino wake mwekundu. Hakuwa na habari kwamba amefanya kosa. Alidhani nimekuja kumshukuru.

"Dada, mimi nilikusaidia," akaniambia. "Bosi yangu ananikalipia kila siku. Si habali, ni habari. Si balua, ni barua. Sasa nikiona mahali, nikajua: hapa tena ni ile L yetu. Nikaweka R."

Ungemwambia nini mtu huyo, Baba? Nikamweleza mahari ni nini, akaziba mdomo kwa mkono, akaniuliza kama baba yangu ana silaha. Nilitaka kukutumia telegramu ya pili ya kusahihisha, Shangazi akakataa katakata. Alisema herufi moja imeniozesha, nyingine itanipa mapacha.

Kwa hiyo nakuandikia barua, na kwa kuwa nimekwisha kukaa chini, nitakueleza yote, maana mengi hukuyajua na mengine niliyaficha.

Nilipoletwa huku kusoma, kwenye ile shule ya Old Kampala, kulikuwa na mwalimu wa Kihindi, Bi Kusum, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Aliniona wakati wa mapumziko nikitembea juu ya ukingo wa ukuta. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwenye reli, nyumbani Kibera. Akacheka, lakini jioni ile ile alinipeleka ukumbini akanionyesha boriti. Ni gogo refu lililochongwa, upana wake kama kiganja chako, Baba, nalo limeinuliwa hadi kifuani pangu. Juu yake mtu anatembea, anaruka, anageuka, anasimama kwa mikono. Kuna pia vyuma viwili vya kuning'inia, farasi wa mbao wa kuruka, na mkeka wa kupindukia. Vyote hivyo ndivyo ulivyoviita sarakasi, lakini mimi niliipenda ile boriti siku ya kwanza kama mtu anavyompenda mtu.

Unakumbuka nilipokuandikia kwamba nimeanguka kwenye ngazi nikavunjika mtulinga? Haikuwa ngazi. Nisamehe. Shangazi alijua, na yeye pia msamehe.

Bi Kusum alinifundisha miaka miwili. Mwaka Wahindi walipoambiwa waondoke, alikuja kambini na mkoba mmoja tu, akanikabidhi kopo la unga mweupe wa kupaka viganjani na vigozi viwili vya kuvaa mikononi. Alinikumbusha nibane miguu ninapotua, akaenda zake. Nililia siku hiyo kuliko siku ya mtulinga. Ule unga uliisha zamani, siku hizi tunasaga chaki za ubaoni, lakini vigozi ninavyo na ndivyo nilivyovaa Jumamosi.

Baada yake nilipokelewa na Mwalimu Namusoke, kule chuoni Kyambogo. Yeye L na R kwake ni ndugu. "Luka, Zamu, luka!" ndiyo sala yake. Alinifanyisha kazi mpaka nikawa silali kwa maumivu ya mapaja, na ndiye aliyeniingiza kwenye mashindano makubwa ya mjini. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa tisa. Mwaka wa pili wa nne. Mwaka huu, Baba, nilijua ni wa mwisho, maana Ramadhani hiyo inakuja.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Unajua kuna amri huku kuhusu nguo fupi za wanawake. Shangazi alinishonea vazi la pazia la kijani, mikono mirefu, miguu mpaka chini ya magoti, nalo lilikuwa zuri kama huna haja ya kupinduka. Mstari wa mbele alikaa bwana mkubwa mmoja wa jeshi na watu wake, na ukumbi mzima ulikaa vizuri kwa sababu yake.

Kwenye farasi niliruka sawasawa, kwenye mkeka nikaruka vizuri zaidi, ila mbele yangu alikuwa Akello, binti wa askari magereza, rafiki yangu, na Akello hakosei. Tulipofika kwenye vyuma, mguu wa lile pazia ulinasa kwenye skrubu. Nikasikia linapasuka. Nilimaliza, nikatua, nikatazama chini: nguo imechanika kutoka gotini mpaka juu ya paja.

Bwana mkubwa akamwita Mwalimu Namusoke kwa kidole. Akamwuliza kwa sauti ya kawaida kama huyu msichana ataendelea hivyo mbele ya watu. Sauti ile ya kawaida ndiyo iliyotutisha. Mimi sikuwa naogopa kushindwa tena, niliogopa mengine.

Hapo Shangazi aliinuka. Mama Hamidu wa jirani alimvuta, akajinasua. Akatoka katikati ya watu wote, akavua mtandio wake wa manjano, akabaki na kitambaa kidogo tu kichwani, yeye ambaye hata dukani haendi bila mtandio. Akapiga magoti mbele yangu akanifunga paja kuanzia juu mpaka gotini, akakaza fundo. Kisha akageuka kwa yule bwana.

"Mzee, sasa amejisitiri," akasema. "Aendelee?"

Bwana mkubwa alilitazama lile fundo. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikapanda boriti. Baba, nitakuambia kosa langu ambalo walimu wote wawili walishindwa kulitibu: ninapoogopa, natazama miguu yangu. Na anayetazama miguu juu ya boriti ameshaanguka. Nilisimama pale, mtandio unanibana, macho yanataka kwenda chini, nikakukumbuka wewe.

Mama, sehemu hii hukuwahi kuambiwa, na leo utaisikia. Baba aliponikamata natembea juu ya reli nikiwa na miaka saba, alinichapa, unakumbuka. Ila wiki iliyofuata alinishika mkono, akanirudisha pale pale, saa isiyo na treni. Akanipandisha juu ya reli, akaniambia nitembee mpaka kwenye nguzo ya ishara. Nikawa natazama chini. Akanipa amri kwa sauti yake ya gwaride: "Kichwa juu. Askari hatazami viatu vyake. Viatu vinajua njia." Nilitembea mpaka kwenye nguzo. Ulinipa miwa, Baba, ukanikataza kusema, na mimi sijasema mpaka leo.

Basi Jumamosi niliinua kichwa, nikatazama ukuta wa mbele, nikakuacha unipe amri. Nilitembea, nikageuka, nikasimama kwa mikono, nikapinduka nyuma, kitu ambacho mazoezini nakipata mara moja kati ya tatu, mguu ukaikuta boriti pale pale nilipoiacha. Nikaruka chini nikabana miguu. Sikuyumba.

Watu wote walikuwa wanamtazama bwana mkubwa, wajue waonyeshe uso gani. Naye alikaa tu. Kisha akapiga makofi, mara moja, mara mbili, na hapo ukumbi ukalipuka, na Shangazi akapiga vigelegele mpaka kitambaa kikamdondoka nacho.

Mimi ndiye bingwa, Baba. Akello alikuwa wa pili, akanibeba mgongoni akinizungusha ukumbi mzima, na mimi ni mzito kumshinda. Furaha niliyoiona siku ile sijui niiweke wapi, mpaka leo nikioga nacheka peke yangu.

Na kile kilichonifanya nikimbilie posta ni hiki: Jumatatu asubuhi mkuu wa chuo aliniita, akanipa nafasi ya ualimu msaidizi wa mazoezi ya viungo, na chumba kidogo karibu na ukumbi. Wapo wasichana kumi na mmoja wanaonisubiri, na mmoja wao, nimeshamwona, anatembea juu ya ukingo wa mtaro wakati wa mapumziko. Hapo ndipo mahali nilipopata. Pana meza, pana ufunguo, na jina langu limeandikwa mlangoni kwa chaki.

Sasa naomba ruhusa yako, na hapa sifanyi mzaha. Najua sifa za mji huu zinazofika huko, na najua mnalala mkinifikiria. Nakuwa mwangalifu. Narudi nyumbani mapema, naongea kidogo na watu nisiowajua. Yule kijana wa stesheni mpe salamu za heshima, sina neno baya juu yake. Ukisema nirudi, nitarudi, kwa kuwa mimi si mtoto wa kukukaidi na uliniwekea sharti la haki. Lakini sharti nimelitimiza, Baba, na nimelitimiza kwa maneno yako mwenyewe. Ningependa huo ubingwa uuhesabu kuwa ni wako nusu, na nusu ya Shangazi, mimi mnipe ile boriti tu.

Nisalimie Mama, na umwambie asikukasirikie kwa ile reli, imepita. Nisalimie Bibi kwa sikio lolote litakalosikia. Kaka Juma na mkewe wape pongezi za mtoto. Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa akinikataza kukaa dirishani, mwambie bado nakaa dirishani. Na kama ulikwisha kuwatangazia wazee wa msikitini kwamba binti yako ameolewa kimya kimya, basi watangazie na hili, wote, kwa sauti ile ile. Shangazi anakusalimu. Afande anakusalimu mara mbili na anaapa tena kwamba hajala kitu.

Nijibu kwa telegramu, Baba, siwezi kungoja barua. Neno moja linatosha. Ukiandika KAA, litafika salama, halina herufi ya kunisumbua na karani wetu hawezi kulifanya lolote. Ukiandika RUDI, nakuonya mapema: tangu nimweleze mahari, karani anaiogopa R, na huku nitaletewa LUDI, na neno hilo mimi silijui. Itabidi nikae hapa hapa chuoni mpaka uje mwenyewe unieleze maana yake, na ukija nitakupandisha boriti.

Wako, kichwa juu,
Zamu