Aliyepuliza Filimbi ya Umeme

Jumatatu, 5 Juni 1995. Njombe

Nimefungua belo la masweta ya mitumba tangu saa moja asubuhi. Ukungu mpaka saa nne. Ya watoto yamekwisha, ya wakubwa yamebaki yenye vifungo visivyofanana. Mguu wa kushoto unauma.

Saa sita akatokea Kastori, kutoka Makambako. Alikuwa mpiga dramu wetu enzi za bendi ya kiwanda. Sijamwona tangu kiwanda kiuzwe na sisi tupunguzwe kazi. "Kamwene, Da Skola!" Akanisalimia hivyo, meno yote nje. Nikajua ana shida.

Shida yenyewe ni ile filimbi ya umeme. Kumbe ipo. Mama Ester, mjane wa Zakaria mwimbaji wetu, alikuwa ameiweka uvunguni miaka yote hii. Sasa kuna bwana kutoka Dar es Salaam anayekusanya vyombo vya wanamuziki waliovuma, anavitundika ukutani hotelini kwake. Anaitaka. Sharti lake moja: sisi tuliokuwa bendini tuandike kwamba ndiyo filimbi aliyoipuliza Zakaria jukwaani.

Zakaria hakuipuliza hata siku moja. Niliyeipuliza ni mimi.

Nimemwambia Kastori aondoke, nina wateja. Sikuwa na mteja hata mmoja.

Jumanne, 6 Juni

Bado nina hasira. Niandike ilivyokuwa, labda kichwa kitatulia.

Mhandisi mgeni wa kiwanda alipomaliza mkataba aliiachia bendi. Kijiti cheusi cha plastiki, waya unaingia kwenye boksi, boksi linaingia kwenye spika. Vijana wa saksafoni wakaikataa. Wakasema ni bomba la kumwagilia mchicha. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Nota nilifundishwa na masista Uwemba, na Kiingereza cha kusomea kitabu chake nilikuwa nacho. Nikajifungia nayo kila jioni baada ya kazi. Vidole haviminyi kitu, vinagusa tu, na ngozi ndiyo inayoiamsha. Siku za baridi vidole vikikauka inagoma, basi nikawa navilamba kwanza. Watu wakacheka. Halafu wakacheza.

Nimeipuliza miaka sita. Nyuma ya wacheza shoo, ubavuni mwa spika, kwa sababu kiongozi wa bendi alisema mama anayetafuna bomba hapendezi mbele ya watu. Siku ya kupiga picha ya kaseti akampa Zakaria aishike. Mimi nilikuwa stoo nagawa magunia.

Hivyo ndivyo Zakaria alivyopuliza filimbi.

Alhamisi, 8 Juni

Kastori amerudi na barua iliyopigwa taipu. Majina matano. Langu la nne: "Skolastika, mcheza shoo."

Mcheza shoo! Na mguu huu! Nimemwuliza nani kaandika. Kaandika yeye, eti yule bwana asije akashangaa mwanamke alikuwa anatafuta nini bendini. Mtu niliyekaa naye jukwaa moja miaka sita. Mtu niliyekuwa namshonea mashati.

"Dada, mwache marehemu apumzike," anasema. Nani kamwamsha? Mimi?

Nimeikunja barua nikaitia kifuani. Anajua huko hatafika. Jumamosi yule bwana anakuja Makambako, nitaipeleka mwenyewe.

Ijumaa, 9 Juni

Mteja kaniuliza kama sweta lina joto. Nimemjibu alivae atoke nalo barabarani ajue. Kaondoka. Nimeona haya baadaye.

Jumamosi, 10 Juni. Nimerudi kutoka Makambako

Nimekwenda na lori la viazi, nimefika saa tatu. Vumbi na upepo kama kawaida yao. Tumekutana dukani kwa Hamadi, muuza vipuri, jirani yake Mama Ester, maana kwake kuna umeme. Kastori hakuniangalia. Mama Ester alinisalimia kwa sauti ndogo. Yule bwana wa Dar ana shati jeupe na adabu nyingi. Ananiita mama, na umri wetu ni mmoja.

Filimbi ilikuwa mezani, juu ya kitenge. Nilitaka kulia. Sikulia.

Bwana akatoa kaseti aniridhishe kwa picha ya jalada. Zakaria na suti yake inayong'aa, miwani nyeusi, filimbi mdomoni. Na glovu nyeupe mikononi. Glovu! Miaka yote nimeichukia ile picha bila kuitazama mikono.

Nikamwuliza Hamadi kama anauza glovu. Anazo za pikipiki. Nikamwambia bwana avae, halafu apulize. Alidhani natania. Kastori akachomeka waya, jasho linamtoka na baridi ile. Bwana akapuliza. Ikatoka sauti moja tu, ileile, kama mbuzi aliyefungiwa nje. Akachezesha vidole vyote kumi, sauti ileile. Hamadi akacheka mpaka akashika kaunta.

Nikaichukua. Nikalamba vidole. Nikapiga wimbo wetu wa kufungia dansi, wote, na ile sehemu ya kati ambayo vijana wa saksafoni walikuwa wanaikimbia. Vidole vinajua, mimi nimesahau, vyenyewe havijasahau. Watu wakasimama barabarani. Fundi baiskeli akaacha gurudumu chini akacheza.

Nilipomaliza, bwana akavua glovu akamrudishia Hamadi. Kisha akasema kwa upole, "Mama, nimekuamini kabisa. Ila wageni wangu wanamjua Zakaria. Wewe hawakujui." Akanyoosha mkono. Anataka barua.

Nilitamani kumchapa nayo filimbi. Kausikia ukweli kwa masikio yake mwenyewe, kausifu, na bado anataka uongo kwa sababu uongo ndio wenye picha! Afadhali angenibishia. Nikaitoa barua kifuani nikaichana vipande vinne, nikaviweka kwenye kiganja chake.

Kastori kasema nina roho mbaya, nawanyima watoto wa marehemu. Mama Ester alitazama sakafu. Hilo limeniuma kuliko yote, maana ni kweli, Ester na mdogo wake wamerudishwa nyumbani na shule kwa kukosa ada. Nikamwambia, "Uza, mama. Sikuzuii. Filimbi ni yako, alipewa mumeo bendi ilipovunjika. Ila mimi siandiki kwamba sikuwepo."

Nikatoka. Nimesubiri lori mpaka saa kumi.

Jumapili, 11 Juni

Nimekwenda misa. Sikukomunika. Padri kahubiri, mimi nahesabu watu niliowakasirikia. Bwana wa Dar. Kastori. Kiongozi wa bendi, popote alipo. Na Zakaria mwenyewe, Mungu anisamehe. Alikuwa na kipaza sauti mkononi kila Jumamosi, miaka sita. Jina langu lina herufi nyingi kiasi gani asiweze kulitaja?

Alhamisi, 15 Juni

Dereva wa viazi kaniletea habari. Barua imepigwa taipu upya, Kastori kasaini. Filimbi imekwenda Dar. Jina langu halimo, hata la mcheza shoo limeondolewa.

Nimewaita washenzi kwa sauti, peke yangu, katikati ya masweta. Mama wa dagaa kibanda cha pili kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia ndiyo.

Jumatatu, 19 Juni

Ukungu tena. Mama Ester amekuja Njombe. Kakaa juu ya belo, kashika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Watoto wamerudi shule, amesema. Nimesema vizuri. Nilimaanisha.

Kisha akasema Zakaria alikuwa akimwambia nyumbani. Kwamba ni mimi. Kwamba kabla ya kuanza ubeti alikuwa anasubiri asikie nikivuta pumzi nyuma yake, ndipo aingie. Baada ya kaseti watu walimsifu sana, akaona haya kusema. Nimemwambia haya zake nimezibeba mimi. Akasema anajua.

Akafungua pindo la khanga. Kipande kidogo cha mpira, kile cha filimbi kinachoingia mdomoni. Alikichomoa kabla bwana hajafunga sanduku.

"Hakukiulizia," akasema. "Kule ukutani hakuna wa kuipuliza."

Nimemsindikiza mpaka stendi. Kanishika mkono, kapanda, kaenda.

Nimerudi kibandani nikakitazama vizuri. Alama za meno zipo bado. Mbili juu, mbili chini, moja ya chini imekaa upande. Nina jino la chini lililokaa upande tangu utoto.

Nimekitia mdomoni. Meno yameingia kila moja mahali pake. Sikupuliza. Nimekaa nacho hivyo, mikono mapajani, mpaka mtu akaja kuuliza bei ya sweta.