Aliyemshika Imrani Kwenye Sindano

Jumanne, 5 Mei

Nimesuka vichwa vitatu leo, vyote rasta ndogondogo. Vidole vimekufa ganzi. Lifti mbovu tena. Nimepanda kwa miguu mpaka kwa Mama Esther, ghorofa ya tatu, kumchukua mwanangu Imrani.

Hakunitazama. Alikuwa mapajani kwake anapiga makofi, anaimbiwa nyimbo za kanisa. Nimemwita. Akageuka, akaniona, akarudi kwenye makofi yake. Nilipombeba alilia mpaka tukafika kwetu ghorofa ya tano.

Mama Esther ni jirani. Mkongo wa Uvira, anachanganya na Kifaransa: "mais" yake ni "lakini". Esther wake yuko shule, yeye anashinda nyumbani, basi ananishikia mtoto nikiwa saluni. Mwanamke mwema. Kila mtu kwenye jengo hili anasema hivyo, na mimi nimechoka kusikia.

Alhamisi, 7 Mei

Imrani ametema uji wangu. Wote. Salum, ambaye ni mume wangu na alipaswa kuwa upande wangu, amesema bila hata kuinua macho kwenye simu anayoitengeneza, "Si umuulize Mama Esther anapikaje?"

Nimesugua sufuria mpaka mkono ukauma.

Halafu kubwa zaidi. Jioni Mama Esther alinipokea mlangoni anacheka. "Mama Imrani! Mutoto amesema mama! Vizuri kabisa, ma-ma!" Nikamuuliza, alimwambia nani? Akasita. "Kwangu, mais alikuwa anakutafuta weye."

Muongo. Anajua kufariji watu, na hilo nalo linaniudhi. Neno la kwanza la mwanangu, na mimi nilikuwa mjini nimeshika chanuo.

Nina wivu. Nimeandika. Basi.

Jumapili, 10 Mei

Kliniki walishasema: kwa kifua chake hiki kinachobanabana, Imrani achomwe sindano ya mafua kabla baridi haijakolea. Na mimi pia, kwa kuwa nashinda na wateja wanaokohoa. Wenzangu saluni wanadai sindano yenyewe ndiyo inayoleta mafua. Mmoja kaapa kabisa kwamba alilala wiki nzima. Sijui nimwamini nani. Lakini mtoto akianza kukoroma kifuani huwa naishiwa nguvu, kwa hiyo tutakwenda Jumanne.

Leo nikifua nguo limenijia wazo. Kwetu Tanga mama hamshiki mwanawe kwenye sindano. Anapewa shangazi. Mtoto akishachomwa, kinyongo kinamwangukia shangazi, mama anaingia baadaye na ziwa lake, anakuwa mwokozi. Mimi mwenyewe nimeshikwa na shangazi Mwanahamisi sindano zote. Mpaka leo nikirudi kwetu nakaa kiti cha mbali naye.

Huku ugenini Imrani hana shangazi.

Ila anaye Mama Esther.

Jumatatu, 11 Mei

Nimemwomba anisindikize. Kwa sauti tamu. Nimesema naogopa sindano, nisaidie kumshika. Kakubali palepale, kaahirisha safari yake ya kwenda soko la Warwick kununua mboga. Kanishika bega na kusema, "Usiogope, ma chérie, niko."

Nimejisikia vibaya kwa muda wa kufika mlangoni kwangu. Halafu Imrani akalia anamtaka, na huruma ikaisha.

Jumanne, 12 Mei

Foleni ndefu. Nimechomwa mimi kwanza, bega la kushoto. Si kitu. Nikasema natoka kidogo, kizunguzungu. Nikakaa kwenye ukumbi, nikasikiliza.

Kilio kikaja. Kikubwa. Nikajihesabia mwenyewe pumzi chache, nikafungua mlango nikiwa tayari kuwa mwokozi.

Alikuwa ameshanyamaza. Amejibandika kifuani kwa Mama Esther, ngumi imeng'ang'ania kola yake, kwikwi zinakwisha moja moja. Nesi alikuwa anamweleza mambo Mama Esther, kirefu, na Mama Esther anaitikia kwa kichwa. Nesi aliponiona akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ni mdogo wake mama mtoto.

Mdogo wake mama mtoto!

Mama Esther akamsahihisha haraka, akacheka, akanionyesha mimi. Nesi akaomba radhi na kuanza upya. Sikusikia hata moja. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nilichoshika ni kwamba tusubiri kwanza kwenye benchi, na kwamba Imrani ana sindano ya pili mwezi ujao, kwa sababu ni mara yake ya kwanza.

Kwenye teksi Mama Esther akaanza, "Nesi amesema kesho mutoto anaweza…"

"Najua," nikamkata.

"Na weye pia, mukono…"

"Mama Esther, najua. Nilikuwepo."

Dereva akapandisha muziki.

Jumatano, 13 Mei, asubuhi

Mkono wa kushoto hauinuki. Bega gumu, linauma hata nikivaa gauni. Mwili wote unaniuma, kichwa kinagonga. Nimeomba ruhusa saluni.

Imrani ana joto. Analia kilio kidogo, cha kuchoka, kisichoisha. Ziwa anashika na kuacha. Paja alilochomwa ni jekundu, na chini ya ngozi kuna kidonge kigumu.

Mama Esther amepanda kuuliza hali. Nimemwambia mlangoni kwamba tuko sawa, leo nipo mwenyewe. "Kama iko shida uniite," akasema. Nimefunga.

Leo ni siku yangu na mwanangu.

Jumatano, jioni

Niandike vyote kabla sijaanza kujitetea.

Nilimfunika mablanketi mawili ili atoke jasho. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya moto nikakikanda kile kidonge, kwa nguvu, ndivyo tunavyokanda kwetu. Akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Joto likazidi. Uso ukawa mwekundu, macho mazito. Nikaanza kuwaza kila walichosema saluni. Nikawaza kwamba sindano imemharibu na mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka.

Salum hakupokea simu. Dukani kwao huwa hawasikii.

Na nesi alishayasema yote. Mtoto akifanyaje ni kawaida, akifanyaje nikimbie. Alimwambia mtu mmoja tu aliyekuwa anasikiliza, na mtu huyo yuko ghorofa mbili chini yangu. Na mimi nilisema najua. Sikujua chochote. Nilikaa na mtoto anaungua nikaona aibu ya kushuka ngazi. Niandike hivyohivyo: nilikaa.

Halafu akaacha kulia, akalegea tu begani kwangu, na hapo nikashuka peku.

Mama Esther alimlaza kitandani, akatoa mablanketi, akatoa sweta, akamwachia fulana. "Pole, papa, pole." Ndivyo anavyomwita Imrani. Akampima kwa kipimajoto cha Esther. Joto lipo, lakini si la kutisha. Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake, huku anamfuta shingo. Nesi alisema joto kidogo linaweza kuja, na kulialia, na kukataa kula, na usingizi mwingi, na paja kuwa jekundu na gumu. Ni mwili unajifunza. Siku moja, siku mbili, inaisha. Avalishwe nguo nyepesi, anyonyeshwe kidogokidogo, apewe ile dawa ya maji ya paracetamol kwa kipimo nesi alichotuandikia kwenye kadi ya kliniki. Paja lisikandwe.

"Mais akipumua kwa shida, ao akivimba uso, ao akirukaruka mwili, ao joto ikatae kushuka, tunakimbia hospitali, hatungoji. Na weye, mukono itauma, kichwa, mwili. Ni hivyo hivyo. Si mafua. Nesi amesema ile sindano haiwezi kuleta mafua."

Maumivu yangu mwenyewe nimeyasikia kutoka kinywani mwake.

Dawa ikafanya kazi. Imrani akafumbua macho. Akamwona Mama Esther, akatabasamu kale katabasamu kake ka meno mawili, akanyoosha mkono kumshika pua. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo. Ningemshukuru. Neno lilikuwa tayari. Badala yake nikasema:

"Nilikupeleka umshike wewe ili akuchukie."

Sijui kwa nini. Pengine nilitaka tu aache kuwa mwema.

Mama Esther akamnyanyua Imrani, akambusu kichwani, akaniwekea mikononi. "Leo jioni umupe dawa tena kama joto inarudi," akasema. "Usisahau kusoma kadi." Akanifungulia mlango.

Ijumaa, 15 Mei

Imrani mzima kabisa. Anatambaa, anabomoa. Kidonge cha pajani kimeisha, lazima ukitafute kwa kidole. Mkono wangu unainuka. Leo nimerudi kusuka.

Mama Esther ametuma ujumbe jana, mfupi. Ana shughuli, hataweza kumshika mtoto tena. Amemalizia na "Mungu awabariki", na najua anamaanisha. Salum akauliza kuna nini. Nimesema Mama Esther amechoka. Akaniangalia, akarudi kwenye simu zake.

Nimeshinda. Sijui nimeshinda nini.

Jumanne, 19 Mei

Nakwenda na Imrani saluni tangu Ijumaa. Amekula nywele za bandia. Amevuta waya wa draya. Mwenye saluni ananiangalia kwa jicho moja. Leo mteja mmoja alipiga chafya usoni kwake na nilitaka kumsukuma na kiti chake.

Ila analala mgongoni kwangu. Anasema "mama" sasa, na anayemwambia ni mimi. Mara nyingine anausemea mlango.

Jumamosi, 30 Mei

Tulikuwa kwenye robot, taa za barabarani kama wanavyoziita huku, tunangoja zitugeukie. Ng'ambo alikuwepo Mama Esther. Kitenge chake cha njano. Mgongoni mtoto, mdogo kuliko Imrani, kofia ya sufu. Watu walishaniambia kwamba sasa anamshikia mtoto wa Mnyarwanda wa ghorofa ya kwanza.

Imrani alimwona kabla yangu. Akaruka mikononi mwangu, akaita, akacheka. Halafu akamwona yule wa mgongoni. Akanyamaza. Uso ukakunjamana, mdomo ukashuka, na kilichotoka hapo hakikuwa kilio cha njaa wala cha usingizi. Alinikamata nywele na kuzivuta.

Kile kilio nakijua. Mimi hukilia kwa ndani.

Mama Esther alivuka. Alinisalimia, "Habari, Mama Imrani," kwa heshima zake zote. Akamgusa Imrani shavu. Imrani akaupiga ule mkono. Mama Esther akatabasamu kidogo, akaenda zake. Tumerudi nyumbani wenye wivu wawili, mimi na mwanangu.

Jumanne, 9 Juni

Sindano ya pili. Nimekwenda peke yangu naye.

Nesi yuleyule. Akaniambia nimkalishe mapajani, mkono mmoja umkumbatie, mwingine ushike goti. Nikashika. Kabla haijaingia alikuwa ananichekea. Ikaingia, akanitazama. Sitaki kuandika alivyonitazama. Kisha akalia, na akalilia kwangu, akauficha uso kwenye shingo yangu, mimi niliyemshika.

Basi shangazi Mwanahamisi nimemwonea miaka yote hii.

Nikamwomba nesi anieleze madhara yote tangu mwanzo. Akaeleza. Nikamwomba arudie. Tukakaa kwenye benchi mpaka aliporidhika nasi.

Jumatano, 10 Juni

Joto kidogo tangu alfajiri, chini ya lile la kwanza. Paja jekundu kiasi. Nimemvalisha fulana tu, nimempa dawa kwa kipimo cha kadi, ananyonya kidogokidogo. Analialia, halafu anasinzia. Sikuogopa. Hakukuwa na chochote cha kumuuliza mtu.

Mchana nikashuka kwa Mama Esther nikamuuliza.

Yule mtoto mwingine alikuwa amelala kwenye kochi. Mama Esther akanisikiliza mpaka mwisho, akamgusa Imrani paji la uso, akasema ni kawaida, nimefanya vizuri. Nikamwambia nisamehe. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakanipotea, likabaki hilo. Akasema, "Nilishasamehe zamani. Mais nililia sana, Mama Imrani. Ujue tu." Nikasema najua, na safari hii nilikuwa najua.

Kisha akanyoosha mikono. "Kuja, papa. Kuja kwa mama yako mukubwa."

Imrani akamtazama. Akaitazama ile kofia ya sufu kwenye kochi. Akageuka, akanikumbatia shingo kwa mikono yote miwili, akakaza.

Mama Esther alingoja. Akamwita tena kwa jina, polepole. Imrani hakugeuka. Mama Esther akashusha mikono, akaifuta kwenye kitenge ingawa haikuwa na kitu, akasema acha aweke chai.

Nimekaa pale kwenye kiti nimempakata mwanangu, mzito, wa moto kidogo, hamtaki mtu mwingine yeyote. Hivi ndivyo nilivyotaka. Jikoni maji yalichemka, nikayasikia, yakaendelea kuchemka bila Mama Esther kuyaepua. Chai ilichelewa sana kuja.