"Niaje, uko?" kwenye kiapo cha marehemu

Mpendwa Shangazi Katunge, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata kwenye diary yangu sijaliandika, na hii naandika kwa kalamu kwa sababu kompyuta ya nyumbani siiamini tena, na yenyewe ndiyo shida. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu shule ya kutwa, tunaishi Ruiru mimi na mama peke yetu. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani swali likija jibu nalijua lakini linanikwama kooni mpaka mwingine ainue mkono, kwa hivyo nivumilie nikizunguka kidogo.

Mama ni karani wa wakili mmoja huko Thika, yeye huchapa viapo na mambo ya mirathi, na kazi ikizidi hubeba nyumbani amalizie kwenye kompyuta yetu. Hiyo kompyuta tuliachiwa na Mjomba Githae alipoenda kufanya kazi Mombasa, alikuwa anatengeneza video za harusi kwa hivyo ina nguvu sana, ingawa mama huifunika kitambaa cha kufuma vile amefunika viti na tivi na friji. Mwezi wa pili ikaanza kujizima, tukaipeleka kwa Mwas, fundi mwenye kibanda Kamakis, akaitoa vumbi, akabadilisha feni, akamwomba mama asiifunike ikiwa imewaka. Mwas aliniambia mashine kama hii inaweza gemu yoyote, na nilipomuuliza maswali alinijibu yote bila kunicheka, na wasionicheka si wengi.

Sasa, nina rafiki mmoja tu wa kweli, Ikhlas, anaishi Thika, tulikutana kwenye kongamano la sayansi tukiwa tumewekwa meza moja, na yeye pia maneno humpa shida. Tunapenda gemu moja ya kujenga mji lakini simu yake ni ya zamani, haiwezi kuibeba. Nikasoma mtandaoni kwamba kuna programu ya bure, ukiiweka kwenye kompyuta ya nyumbani inageuka kuwa seva, yaani gemu inachezewa hapa Ruiru lakini picha inatumwa kwa simu ya mtu aliye mbali, na akigusa skrini yake ni kama ameshika kipanya chetu na kibodi yetu. Nilitumia wikendi mbili mama akiwa kwa fellowship, maombi ya akina mama. Ndani ya nyumba na simu yangu ilikubali haraka, simu inaonyesha pini ya nambari nne, unaiandika kwa kompyuta, basi zimejuana. Lakini simu ya Thika ilikataa kwa sababu kile kisanduku cha wifi huzuia watu wa nje, na hapo ndipo nilikosea, Shangazi, niliingia kwa mipangilio yake na ile paswadi imebandikwa chini yake, nikafungua milango yote ya mtandao ambayo video moja niliyoiona ilisema nifungue, hata ile sikuelewa ni ya nini. Nikaruhusu skrini nzima ionekane badala ya gemu peke yake. Halafu nikaweka alama pale pa seva kujiwasha kila kompyuta inapowaka, ndiyo Ikhlas asikae akiningoja.

Sijawahi kufurahi hivyo. Tulikuwa tunacheza Jumamosi mchana, na kwa sababu kupiga simu hutushinda sote wawili, tulikuwa tunafungua ukurasa mtupu hapo hapo kwenye kompyuta tunaandikiana. Yeye anaandika "niaje, uko?", mimi naandika "niko", tunaanza.

Wiki tatu zilizopita, Jumatano jioni, mama alinituma maziwa. Kurudi nikampata amesimama katikati ya sebule amejishika kifua, amewasha taa zote mpaka za jikoni. Alikuwa anachapa kiapo cha mirathi ya mzee mmoja wa Kalimoni, na alipomaliza tu kuandika jina la marehemu kishale kikatembea chenyewe, kisha mbele ya macho yake, baada ya jina la huyo mzee, maneno yakajiandika: niaje, uko?

Mama akanishika bega akaniambia polepole, "Mami, huyu mzee alizikwa mwezi wa nne."

Nilijua papo hapo. Ikhlas aliona kompyuta imewaka akadhani ni mimi, na kwa ile simu yake herufi ni kama mchanga, hangejua anaandika ndani ya kiapo. Nilifungua mdomo niseme, kilichotoka ni kumuuliza mama kama nimuwekee chai.

Ijumaa akina mama wa fellowship wakaja, watu sita. Mama alitandika vile vitambaa vyeupe vya wageni kila mahali, mpaka chini ya kipanya, na hadi leo hajavitoa, wakashikana mikono kuzunguka kompyuta nami nikiwa katikati, na kiongozi wao, Mama Shiko, akakemea mauti itoke kwa kila waya. Nilisema amina. Niliisema kwa sauti kubwa kuliko siku zote za maisha yangu, na mama akanifinya mkono kwa furaha, na huo mkono bado nausikia.

Ikhlas nilikuwa nimeshamwandikia kwa simu Alhamisi, akaogopa akafuta programu siku hiyo hiyo. Lakini Jumanne iliyofuata mama alijipa moyo akawasha tena, na kishale kikatembea tena, safari hii hakikuandika kitu, kilitetemeka tu na kuruka huku na huku. Ikhlas ameapa si yeye. Kama si yeye ni nani, Shangazi? Nikiwa sebuleni nahisi kuna mtu ameketi ndani ya hiyo skrini ananitazama nikila. Nimeshindwa hata kuigusa niizime hiyo seva, nawaza nikiifungua atajua nimemjua.

Mama akampigia Mjomba Githae, Mjomba akacheka, akasema wafu hawachapi, ni yule fundi ameweka kitu cha kuchungulia watu. Mama akaambia fellowship, na Mama Shiko akishajua jambo, Kamakis nzima imejua. Mjomba anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na yeye na mama na mwenyekiti wa nyumba kumi watamchukua Mwas wampeleke polisi.

Juzi nikipita kwa kibanda chake aliniita. Hakuwa na kazi mezani, na kwa kawaida laptop hupangwa hapo kama vitabu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, mathe wako ana shida na mimi? Watu wanachukua mashine zao hata sijazifungua."

Nikamwambia sijui. Akanisukumia kiti nikae, nikasema nimechelewa.

Nikisema ukweli, mama atajua makaratasi ya watu yalionekana kwa simu ya mtu Thika, na wakili akisikia anaweza kumfuta kazi, na Ikhlas nitakatazwa, na sina mwingine. Nikinyamaza, Mwas ataingia ndani. Najua mama pia husoma ukurasa wako, wakili akimaliza na gazeti yeye huja nalo nyumbani Alhamisi jioni, hulisoma jikoni akingoja maji ya ugali yachemke, mimi hulisoma maktaba ya shule saa nne. Nataka tu kukuuliza, kuna njia ya kumsafisha Mwas bila mimi kutajwa? Tafadhali usiandike jina langu, mimi naitwa

ngoja, nasikia slipa za mama. Zimesimama mlangoni. Anauliza, mami, uko? Naificha chini ya

Shangazi Katunge anajibu:

Binti yangu, barua imenifikia bila jina na bila mwisho, imekunjwa mara nne na ina alama ya kikombe. Swali lako nimelisoma. Jibu ni hapana. Hakuna njia ya kumsafisha huyo kijana bila wewe kutajwa, kwa sababu anayejua ukweli ni wewe, na rafiki yako wa Thika ambaye mama hata hajui yupo.

Nianze na hofu yako, kwa maana mtu aliyeogopa hivi hasikii kitu. Nilimwita Nicanor, anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini, nikamsomea. Hapo pa vitambaa alinisimamisha. Aliniambia kipanya cha siku hizi huona kwa mwanga ulio chini yake, ukikiweka juu ya kitambaa cha kufuma chenye matundu, kishale kinaweza kutetemeka na kuruka bila mtu kukigusa. Jumatano ile vitambaa vya wageni havikuwepo, kulikuwa na Ikhlas. Jumanne Ikhlas hakuwepo, kulikuwa na vitambaa. Lakini sikuapii kwamba ni kitambaa tu. Uliacha milango wazi, na mlango wazi hauchagui wa kuingia. Utajua kwa kuangalia, kutetemeka kwa kishale hakutakuambia lolote.

Basi angalia, na usiangalie peke yako. Chomoa kwanza kile kisanduku cha wifi, hapo hakuna wa nje atakayekuona. Fungua ukurasa wa hiyo seva, usome simu zote zilizoandikishwa. Ukiona zenu mbili tu, yako na ya Ikhlas, utapumua kidogo. Ukiona ya tatu, piga picha hiyo orodha kabla hujafuta. Futa zote, ondoa ile alama ya kujiwasha, halafu ondoa programu. Ukirudisha wifi, funga kila mlango uliofungua, na ubadilishe ile paswadi ya kubandikwa. Paswadi za mama zibadilishwe pia, kwa mashine nyingine. Nicanor anasema ni kazi ya saa moja, na Mwas anaweza kukaa hapo ahakikishe, kama bado atakubali kuingia nyumba yenu baada ya kuombwa msamaha.

Sasa nikugombeze. Kucheza gemu si kosa, na kuunda seva ukiwa na miaka kumi na sita, bila mwalimu, ni kichwa ambacho ningependa kukiona kikitumika. Kosa lilikuwa kuigawa skrini ambayo mama hutafutia mkate bila kumuuliza. Hilo ni la ujinga, na ujinga husameheka. Ile amina ni kitu kingine. Ulijua. Na pale kwa kibanda, mtu aliyekujibu maswali yako yote alikuuliza moja tu, ukamwambia hujui. Wewe si mwoga kama unavyojiambia, binti yangu, umezoea tu kwamba ukinyamaza mwingine atainua mkono. Safari hii hakuna mwingine.

Kazi ya mama ni jambo zito, sitakudanganya. Lakini wakili akiambiwa na karani wake mwenyewe, mapema, kwamba ilitokea hivi na imefungwa hivi, atakuwa na la kufanya. Akija kulisikia kwa polisi, Mwas akijitetea, mama hatakuwa na la kusema. Na kuhusu Ikhlas, mtaje kwa jina lake. Huenda ukakatazwa kwa muda. Rafiki anayefichwa, mama atamwogopa kama alivyoogopa yale maneno.

Leo ni Alhamisi, na Mjomba wako anafika keshokutwa. Ukisoma hapa ni saa nne, uko maktaba. Majina yenu nimeyabadilisha yote, ila yale maneno ya kwenye kiapo nimeyaacha, kwa sababu bila hayo hakuna atakayeelewa, na kwa sababu uliyaandika ukijua vizuri ni nani hufungua ukurasa huu jikoni. Mama akifika mstari huo atakujua. Nadhani hilo ulilitaka hata kabla ya kuniandikia.

Una mchana mzima. Usile chakula cha mchana na haya maneno kichwani, yaandike kwa karatasi kama kusema kutakushinda, Kiswahili chako ni kizuri. Jioni mpokee mlangoni, umchukulie mkoba, maana gazeti limo. Mwambie kabla hajaweka sufuria. Na kama utakuwa umejificha chumbani tena, usikie slipa zimesimama na sauti ikiuliza mami, uko, usifiche kitu chini ya kitu. Jibu niko.