Mbili ni Kupandisha

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanao. Natumaini mgongo umekuachia na umerudi kwenye cherehani yako. Mimi ni mzima. Neno hilo nitalirekebisha huko chini, nawe utanisamehe.

Kazi nimeipata. Naendesha winchi kwenye ghala la vyuma. Nakaa juu, ndani ya kibanda cha vioo, na kwa kuwa kelele hazimruhusu mtu kuita, walio chini hunigongea bomba kwa nyundo: mara mbili nipandishe, mara tatu nishushe. Kutoka juu sioni kila pembe, kwa hiyo naendesha kwa masikio.

Kabla ya kuajiriwa nilipimwa mkojo. Nesi alinipa kikopo na fomu yenye mstari wa kuandika dawa ninazotumia. Nikaandika hakuna. Majibu yalitoka safi, hata nesi akanitania kwamba mkojo wangu ungefaa kumwagilia maua.

Chumba nilichopanga ni cha mwisho ghorofani. Jirani yangu mstaarabu kweli: kila jioni hunigongea ukutani mara mbili, nami humjibu, kama mimi na wewe tulivyokuwa tukiagana utotoni. Jumapili niliona haya kukaa na mtu bila kumjua, nikatoka kwenda kumsalimia. Dada, baada ya mlango wangu hakuna mlango mwingine. Nyuma ya ule ukuta ni hewa tupu, na chini kabisa kamba za kuanikia nguo. Nilirudi ndani, nikaketi kitandani. Akagonga.

Jumatano nikiwa kazini nilisikia mbili, nikapandisha. Mfunga mizigo alikuwa bado ameshika mnyororo. Alining'inia huku akipiga mayowe mpaka nikamshusha, kiganja kimechunika. Msimamizi alimfokea kwa kugonga mapema, naye akaapa mbele ya wote: "Nyundo ilikuwa mfukoni. Sikugonga." Hakuna aliyemwamini ila mimi, na mimi nilinyamaza. Akasimamishwa kazi.

Sasa lile nililokuficha. Vidonge vyangu niliviacha siku kumi kabla ya kupimwa. Niliogopa vitaonekana, niitwe kichaa kabla sijaitwa kazini. Leo asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikarudi kwa nesi nikamwambia yote. Alisema kipimo kile kinatafuta bangi na mambo ya namna hiyo, dawa zangu hakina habari nazo. Ule mstari uliwekwa ili daktari wao ajue namna ya kunilinda. Nililia pale pale mbele yake. Kisha nikaenda kwa msimamizi. Mfunga mizigo anarudi Jumatatu. Mimi nimetolewa kwenye winchi hadi nilete barua ya daktari.

Daktari ameniambia kwa simu nisianze tena vidonge kwa kubahatisha, ataniona Jumamosi. Kadi yangu ya kliniki iko kwenye droo ya cherehani yako. Tafadhali usimtume mtu, niletee mwenyewe. Naogopa, dada.

Wasalimie watoto, na shemeji mwambie sijasahau kwamba alinishinda bao.

Ukifika usigonge mlango. Simama nje uniite lile jina langu la nyumbani, kwa sauti. Huyu wa ukutani bado hajaanza kuita.

Mdogo wako anayekusubiri,
Kijiko