Nilimwambia tangawizi itatosha

Jumanne, usiku

Haikutosha, na nilijua haitatosha.

Asubuhi mjukuu wangu Kokushubila alikuwa amejikunja sakafuni, magoti kifuani. Yuko kwenye siku zake, na kila mwezi maumivu yanazidi. Zamani tangawizi ilimtuliza. Sasa anaitapika.

"Bibi, niende mjini Omurushaka nikamwone daktari?"

Nikamwambia achimbe tangawizi nyingine kibanjani, aitwange, aichemshe, atapata nafuu. Ananiamini kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa sayansi. Angekuwa mwanafunzi wangu, ningemtafutia pikipiki palepale. Lakini Kokushubila akienda angerudi jioni, na mimi siwezi hata kujigeuza kitandani. Niliogopa kufa mchana, nyumba ikiwa tupu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Nilimwona dirishani akichimba huku ameshikilia mgomba asianguke.

Jioni nilijikaza. "Kesho nenda kwa daktari."

"Na nani atakupa maji?"

"Jirani."

"Jirani yupi, Bibi? Wote wanachuma kahawa." Akacheka kidogo, kisha akashika tumbo. "Itapita. Si ulisema mwenyewe?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilisema kwa ajili yangu.

Sasa amelala kwenye mkeka kando yangu, anagumia usingizini. Kikombe changu kimejaa. Tangawizi ile aliigawa nusu kwa nusu, akasema itanipasha miguu joto. Siwezi kuinywa, na siwezi kuinuka nimrudishie.