Siku Tatu za Kumlowesha Bikizee

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na Shangazi anakulisha vizuri. Sisi huku hatujambo. Mimi nimekonda kidogo, na sababu yake utaisoma.

Kwanza nikutoe wasiwasi: Bikizee, kivuko chako, yu mzima. Leo asubuhi kavusha abiria themanini, baiskeli tisa na mama mmoja aliyekataa katakata kuacha kabati lake gatini. Chumba cha injini ni kikavu.

Lakini wiki iliyopita nusura tumzike. Alipandishwa nchi kavu kupakwa rangi, akakaa juani siku ishirini. Tulipomrudisha majini, akavuja kila ubao ulipokutana na mwenzake. Meneja mpya, aliyezoea vyombo vya chuma, akasema huyu kazi yake imekwisha, apasuliwe kuni. Nahodha, yule aliyekuwa msaidizi wako, akamwomba siku tatu tu. Akamweleza kwamba mbao zikikauka husinyaa, zikinywa maji hufura na kuziba zenyewe. Meneja akaguna, akakubali shingo upande.

Tukapiga pampu kwa zamu mpaka viganja vikachubuka. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, pampu ikatoa hewa tupu. Nilikaa juu ya boksi la vifaa nikalia kama mtoto, na abiria waliongoja gatini wananitazama. Sikujali, Baba, nilikuwa na furaha mno.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Kumwagia mbao maji asubuhi na jioni Bikizee akiwa nchi kavu ilikuwa kazi yangu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Sikusahau. Nilisikia kwamba akikataliwa tutahamishiwa kivuko kipya, chenye injini isiyonipaka masizi mpaka masikioni, nikaiacha ndoo makusudi. Nilipoona maji yanapanda ndani yake ndipo nilipojua nimefanya nini.

Jana nilimweleza Nahodha yote, nikingoja kufukuzwa. Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema mwaka wako wa kwanza nawe ulimwacha akauke, ukitamani kuhamishiwa meli kubwa, na kwamba ni yeye aliyepiga pampu nawe siku nne na kuapa kufunga mdomo.

Kumbe, Baba! Na miaka yote ile ulivyonihubiria habari za ndoo!

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwezi ujao nikipata likizo nitakuja, nawe utanisimulia mwenyewe bila kuruka hata siku moja.

Ni mimi binti yako,
Fundi wa injini, bado kazini