Sanduku la Misa Mlangoni kwa Festus

Gortnaleck, 8 Machi 1987

Mwanangu Malachy,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutaitikia, lakini mimi nimeshasalimu. U mzima? Kile kikohozi kimeisha? Huko bandarini Rotterdam mnavaa nini na baridi hii? Mimi sijambo, ila goti linanisumbua.

Misa ya zamu, ile ya nyumba kwa nyumba kila masika na kila Oktoba, ilikuwa kwangu wiki hii. Nilipaka nyumba rangi, nikaazima viti kwa majirani wote, Padre Considine akala mayai yake, mambo yakaenda vizuri. Ugomvi ulianza kwenye chai. Desturi unaijua: aliyemaliza zamu hubeba sanduku la Misa, lenye msalaba, vinara na kitambaa cha meza, mpaka nyumba inayofuata barabarani. Inayofuata sasa ni ya akina Winnie Ward, wale watu wa misafara waliopewa nyumba na halmashauri baada ya kuishi kando ya barabara tangu wazaliwe.

Festus Tierney akasema mbele ya watu, "Delia, hapo utapita tu. Sanduku lete kwangu. Hatuendi kupiga magoti jikoni kwa wauza vyuma chakavu." Padre akakoroga chai ambayo ilishakorogwa.

Jioni hiyohiyo nililipeleka kwa Winnie. Akalia, kisha akaniuliza Padre anapenda ukuta wa rangi gani.

Mama yako


Rotterdam, 2 Aprili

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Kikohozi kimekwisha, kazi ipo. Goti hilo mwonyeshe daktari, usimwonyeshe Mtakatifu Brigida peke yake.

Mama, umesahau nani anakukatia majani ya ng'ombe kila kiangazi? Festus huyohuyo. Mpelekee sanduku lake yaishe. Utabaki peke yako hapo kijijini kwa ajili ya vinara viwili. Na hao ndio watu wa komunyo ya kila Jumapili, halafu unaniuliza kwa nini niliacha.

Nikuchekeshe. Juzi tulimzika mwenzetu wa kazini, Mreno. Mjane wake akaanza Salamu Maria kwa lugha yao, sikuelewa hata neno. Alipofika katikati, pale wengine wanapoitikia, mdomo wangu ukaitikia wenyewe, kwa sauti, kwa Kiayalandi cha bibi. Mimi ambaye sijakanyaga kanisani tangu nihame. Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Mlitutia kitu hakitoki.

Mwanao Malachy


Gortnaleck, 19 Julai

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima, mimi nasukuma siku.

Ulisema kweli, Festus hakuja. Mvua imeshuka na nusu ya majani imeoza shambani. Nusu nyingine alikuja kuikata Miley, mume wa Winnie, bila kuitwa. Dukani nikiingia mazungumzo yanakatika. Una, mke wa Festus, niliyepokea naye komunyo ya kwanza tukiwa na magauni ya kufanana, kwenye Misa hanipi mkono wa amani. Hilo limeniuma kuliko majani.

Lakini usiniambie tena hao ndio kanisa. Nani aliwakabidhi? Kanisa ni langu pia, na goti langu bovu, na la Winnie. Sanduku liko kwake na litakaa kwake mpaka Misa ya Oktoba. Ng'ombe nitauza mmoja.

Mama yako


Rotterdam, 4 Oktoba

Mama,

Habari za hapo? Mbona kimya? Barua yangu ya Agosti hukuijibu. Kwa Winnie walikuja? Dini sina, lakini mama ninaye, na silali vizuri. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao


Gortnaleck, 11 Oktoba

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe, nilikuwa juu ya ngazi, tunapaka ukuta. Winnie alichagua buluu.

Hawakuja. Tulikuwa mimi, Winnie, Miley, watoto wao na Padre, na viti vyangu nilivyovibeba mwenyewe vikabaki vitupu. Baada ya Misa Padre akaniambia, "Delia, siku ile nilipaswa kusema." Nikamjibu, "Ulipaswa," nikamwekea mayai.

Zamu inayofuata ni ya Festus. Padre akataka kulipeleka sanduku kwa gari lake. Winnie akasema, "Hapana, Padre. Aliyemaliza ndiye anayebeba." Tukaenda wawili. Tukabisha, pazia likatikisika, na Festus akasema kutoka ndani, "Hatupo."

Winnie alitaka kuliacha kizingitini. Nikamkataza. Nilimkumbuka Mreno wako. Nikapiga goti, lilelile bovu, kwenye changarawe, nikaanza kwa sauti: "Salamu Maria, umejaa neema..." Nikafika katikati, nikanyamaza. Winnie akafungua mdomo aitikie, nikamfinya. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikarudia tena, na nyuma ya mlango nikasikia sauti ya Una: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu..." Hapo akakwama.

Festus akamwambia, "Nyamaza, mwanamke."

"Nyamaza wewe," akasema Una. "Nasali."

Akaimaliza mpaka amina, kisha akafungua. Mikono ilikuwa na unga, akaifuta kwenye aproni, akalipokea sanduku mikononi mwa Winnie. "Ingieni, chai ipo." Nilimsukuma Winnie atangulie.

Festus hakutoka chumbani na hajanisemesha mpaka leo. Asiposema, asiseme. Misa itakuwa kwake masika na nitakaa kiti cha mbele, na Winnie kando yangu. Majani yatakuwa tayari Juni, na zaidi ya Miley sina mkataji.

Tumsifu Yesu Kristo, Malachy. Mimi nimeanza.

Mama yako


Rotterdam, 20 Oktoba

Mama,

Milele na milele, amina. Ni mdomo huo, si mimi.

Ninolee fyekeo.

Mwanao